Sura ya Tatu: Raha ya Sindano na Uzi

Swali linalorudiwa na wengi, kila wanapomwona mtu ameinamia kofia barazani au msafiri ndani ya basi akifuma kitambaa cha meza kwa kulabu, ni kwa nini mtu akubali kutumia majuma, na wakati mwingine miezi, kutengeneza kwa mkono kitu ambacho madukani kimejaa tele, kimeshonwa kwa mashine, na bei yake haikaribii thamani ya saa zilizotumika. Swali hili si la kejeli, kwani hata wanaoshona hujiuliza, hasa wanapofika katikati ya kazi ndefu na mgongo ukaanza kulalamika.

Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza ni kwamba watu hushona kwa sababu ya uhitaji, na la pili ni kwamba hushona kwa sababu ndiyo mila waliyoikuta. Jibu la kwanza halielezi kwa nini mhasibu mwenye mshahara wa kumtosha hurudi nyumbani jioni akadarizi foronya ambazo hana mpango wa kumuuzia mtu, na la pili halielezi kwa nini kijana ambaye kwao hakuna aliyewahi kushika kulabu hujifunza kwa video za simu na kisha akashindwa kuiacha. Sura hii inashikilia kwamba kazi ya uzi ina raha yake yenyewe, iliyomo ndani ya kitendo kabla ya kuwamo ndani ya bidhaa, na kwamba raha hiyo ina sababu zinazoelezeka.

Kazi ya uzi, kwa maana inayotumika hapa, ni ya namna tatu. Kushona ni kuunganisha vipande vya kitambaa kwa sindano na uzi. Kudarizi ni kupamba kitambaa ambacho tayari kipo kwa kupitisha mishono juu yake. Na kufuma ni kuunda kitambaa kutokana na uzi wenyewe, iwe kwa kitanda cha mfumi, kwa sindano mbili ndefu kama zile za kufumia sweta, au kwa kulabu, ambayo ni kijiti chembamba chenye kichwa kilichopinda kwa ajili ya kunasa uzi. Namna hizi zina tabia tofauti, na kama itakavyoonekana, hata raha zake hazifanani.

Kofia ya viua kwa karibu

Katika pwani ya Afrika Mashariki hakuna mfano bora kuliko kofia ya viua, yaani kofia nyeupe ya pamba ambayo pambo lake kuu ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, vikapangwa kwa safu, kwa nyota, kwa maua au kwa maumbo yanayofungamana bila mwanzo wala mwisho. Kofia za ukoo huu huvaliwa Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na visiwa vya Komoro, na ndugu yake wa karibu ni kofia iitwayo kumma huko Oman, ambayo historia yake inahusishwa na mahusiano ya muda mrefu kati ya Muscat na Zanzibar. Umbo lake ni jepesi kulieleza, kwa kuwa ina sehemu mbili tu: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kitambaa hukatwa katika tabaka mbili, mara nyingi bafta au pamba nyingine laini, mchoro ukachorwa juu yake, kisha mkono ukaanza safari ambayo haina njia ya mkato.

Kiua kimoja hutengenezwa hivi. Mshonaji huchoma kitambaa kwa chuma chembamba chenye ncha, akikizungusha taratibu ili nyuzi za kitambaa zisukumwe pembeni badala ya kukatika, kwa sababu nyuzi zilizokatika huchomoza baadaye na kuharibu ukingo wa tundu. Kisha huingiza sindano kutoka chini, huizungusha kwenye ukingo na kuvuta, tena na tena, mishono ikilaliana ubavu kwa ubavu mpaka duara lote lifunikwe. Mvuto wa uzi ndio siri yote: ukivutwa kupita kiasi, kitambaa hukunjamana na viua vya jirani huvutwa nje ya mstari, ukilegezwa, tundu hujifunga lenyewe au hugeuka kuwa na umbo la yai. Kipimo sahihi hakiandikwi popote, kwani kiko katika kidole gumba na kidole cha shahada, na kinabadilika kulingana na unene wa uzi, ulaini wa kitambaa, hata na unyevu wa kiganja siku ya joto.

Kofia moja huwa na mamia ya viua kama hivyo. Mtazamaji akisikia neno mamia hufikiri mara moja juu ya uchovu, na hapo ndipo anapokosea, kwa sababu mshonaji hashoni mamia ya viua. Anashona kimoja, na kikikamilika anakiona kimekamilika, kisha anaanza kingine. Kazi iliyogawanyika katika vipande vidogo vinavyokamilika ina hulka ya kumvuta mtu aendelee, na ndiyo maana maneno yanayosikika zaidi katika nyumba za washonaji, taa ikiwa bado inawaka usiku, ni kwamba kimebaki kimoja tu.

Jibu la papo hapo

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza watu wanaofanya mambo magumu kwa hiari bila kulipwa sana, kama vile wachoraji, wacheza sataranji na wapanda milima, akitaka kujua wanapata nini. Mwaka 1990 alichapisha kitabu kilichoifanya maarufu hali ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa kuzama, yaani ile hali ambayo mtu ameingia katika kazi kiasi cha kusahau saa, njaa na hata nafsi yake. Kuzama hakuji kwa bahati, bali hutokea pale ambapo lengo ni wazi, pale ambapo mtu anajua mara moja kama alichofanya ni sawa au si sawa, na pale ambapo ugumu wa kazi unakaribiana na uwezo wake: kazi ikiwa nyepesi mno humchosha kwa ukavu, na ikiwa nzito mno humtia wasiwasi.

Ni kazi chache zinazotimiza masharti hayo kwa urahisi kama kazi ya uzi. Mwalimu hufundisha darasa zima na huenda asijue mpaka baada ya miaka kama somo liliingia. Mkulima hupanda na kungoja mvua. Karani hujaza fomu ambazo hataziona tena. Anayeshona hupata jibu kwa kila mshono, kwa kuwa ama umekaa ama haukukaa, na jicho linajua kabla ya akili kupata maneno. Ugumu nao unaweza kupunguzwa au kuongezwa kwa kadiri atakavyo mwenyewe, kwa kuwa anayeona viua vya safu vimekuwa vyepesi anaweza kuhamia kwenye nyota, na aliyechoshwa na nyota anaweza kurudi kwenye safu jioni ile ambayo kichwa kimejaa mambo mengine.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa kuzama hawalisisitizi sana, nalo ni mguso. Uzi wa pamba uliosokotwa vizuri hupita kati ya vidole kwa ulaini wenye ukinzani kidogo, sindano hutoa mlio mdogo sana inapotoboa bafta iliyotiwa wanga, na sufi ya sweta hupasha kiganja joto. Hata subana, kile kifuniko kidogo cha chuma kinachovaliwa kwenye ncha ya kidole ili kisukume sindano bila kuchomwa, huchukiwa na kila anayeanza kwa sababu humfanya ahisi kama kidole kimekufa ganzi, lakini baada ya muda mshonaji akikosa subana yake huitafuta nyumba nzima na kuwashuku watoto.

Ruhusa ya kufumua

Raha nyingine, ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote ingawa hutajwa kidogo, inatokana na ukweli kwamba katika kazi ya uzi makosa mengi yanaweza kurudishwa nyuma. Seremala aliyekata ubao mfupi hawezi kuurefusha, na mpishi aliyezidisha chumvi anabaki na mbinu chache za kujiokoa, lakini anayefuma akigundua kwamba safu tatu zilizopita aliruka kitanzi, huvuta uzi, safu zikafumuka, na uzi ukabaki mzima mkononi mwake tayari kutumika tena.

Hata hivyo ruhusa hii haiko sawa katika namna zote za kazi, na tofauti hiyo hueleza kwa nini baadhi ya watu huipenda namna moja na kuikimbia nyingine. Katika kufuma kwa kulabu, kila kitanzi kinapokamilika hufungwa na kinachofuata, kwa hiyo wakati wowote kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilicho kwenye kichwa cha kulabu. Kazi ikidondoka sakafuni hakuna kinachopotea, na mtu anaweza kuiweka na kuichukua wakati wowote. Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya safu inayoendelea viko wazi kwa pamoja, na kimoja kikichomoka hushuka chini safu baada ya safu mpaka kinaswe, jambo ambalo humtia hofu anayejifunza na humpa fundi nafasi ya kuonyesha ustadi wa kukipandisha tena. Katika kudarizi, uzi unaweza kutolewa lakini kitambaa hukumbuka, kwa kuwa matundu ya sindano hubaki, hasa kwenye pamba iliyobana. Na katika kiua, mara chuma kikishatoboa, hakuna kurudi. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mshonaji wa kofia ambaye usiku, baada ya kuweka kofia kando, hupumzika kwa kufuma vitambaa vya makochi kwa kulabu. Anayemtazama huona kazi juu ya kazi, ilhali yeye ametoka kwenye kazi isiyosamehe na kuingia kwenye kazi inayosamehe.

Kufumua kuna historia ndefu katika pwani hii. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu miji ya Bahari ya Hindi, alieleza kwamba wafumaji Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walitengeneza vitambaa vyeupe vya pamba, lakini kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutia, walichukua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay nchini India, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi huo pamoja na wao mweupe. Mtu anayefikiri kwamba kazi ya uzi wakati wote huwa ni ya kujenga tu angefaa kuwafikiria watu hao, waliolipia kitambaa kizima ili wapate fursa ya kukibomoa.

*Kwa ufupi hadi hapa:* raha ya kazi ya uzi inatokana na vipande vidogo vinavyokamilika, na jibu linalokuja kwa kila mshono, na mguso wa vifaa, na, katika namna nyingi lakini si zote, nafasi ya kurudi nyuma bila hasara.

Mikono kazini, ulimi huru

Kuzama kunakoelezwa katika vitabu ni kwa mtu aliye peke yake, lakini sehemu kubwa ya kazi ya uzi Afrika Mashariki hufanyika kati ya watu. Wanawake wa Kikuyu na Kikamba wamejulikana kwa muda mrefu kwa kusuka viondo, yaani vikapu laini vya nyuzi, huku wakitembea kwenda sokoni au shambani, kikapu kikiwa kimening'inia na nyuzi za katani zikipita vidoleni bila macho kuzifuata. Kazi ambayo mkono umeizoea huiacha akili na ulimi huru, ila huru kwa namna ya pekee: mazungumzo ya watu wanaoshona pamoja huwa na vituo vya kimya ambavyo havimwaibishi yeyote, kwa sababu kila mmoja ana kitu cha kutazama. Mambo mazito husemwa kwa wepesi zaidi pale ambapo msemaji hahitaji kumkazia msikilizaji macho, na huenda hii ndiyo sababu ya vikao vya kushona kuwa mahali ambapo bibi humfunza mwali mambo ambayo meza ya chakula isingeyabeba.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahoji kwa intaneti zaidi ya wafumaji 3,500 kutoka nchi mbalimbali, na walioeleza kuwa wanafuma mara kwa mara ndio walioeleza zaidi kuwa wanajisikia watulivu na wenye furaha; wale waliofuma katika vikundi walitaja pia faida ya kuwa na watu. Matokeo hayo yanapaswa kupokewa kwa tahadhari, kwa kuwa waliojibu ni watu ambao tayari wanapenda kufuma, na aliyejaribu akachukia hakuwamo kwenye orodha. Pamoja na hayo yanalingana na yanayoonekana barazani, na yanafaa kutajwa kwa wale ambao hawaamini jambo mpaka lihesabiwe.

Mchoro ulio kichwani

Kofia ya viua hutanguliwa na mchoro, na baadhi ya watu husema kwamba kufuata mchoro ni utumwa usioacha nafasi ya ubunifu. Hoja hiyo inapimwa vizuri kwa mfano wa kinyume kutoka katikati ya Kongo, katika eneo la Kasai, ambako watu wa Kuba hutengeneza vitambaa vya nyuzi za majani ya mwale, mti wa ukoo wa mitende. Wanaume hufuma kitambaa cha msingi, na wanawake hukidarizi. Katika aina iliyosifika zaidi, mdarizi hupitisha uzi chini ya nyuzi chache za kitambaa, huuvuta mpaka ncha fupi ibaki juu, kisha huukata kwa kisu kidogo, na kutokana na maelfu ya ncha hizo kitambaa huota manyoya mafupi laini kama mahameli. Hakuna fundo hata moja. Kinachoushika uzi ni mbano wa kitambaa chenyewe.

Mdarizi wa Kuba hachori kwanza. Hushona maumbo ya pembe na misalaba yanayojulikana kwa majina, akiyatoa kichwani, na anapofika mahali ambapo umbo halitoshei nafasi iliyobaki, hulibadilisha, hulivunja au huanzisha jingine, hivi kwamba kitambaa kinachoanza kwa mpangilio mkali mkono wa kushoto kinaweza kufika mkono wa kulia kikiwa kimegeuka kitu kingine kabisa. Mchoraji wa Ufaransa Henri Matisse alikuwa na vitambaa kama hivyo na alivitundika ukutani mwake. Kwa Wakuba wenyewe vilikuwa na kazi nzito zaidi, kwa sababu vilikusanywa na ukoo kwa miaka na kuzikwa pamoja na marehemu, ili huko aendako watu wake wamtambue.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inaonyesha kwamba uhuru na ufuataji wa mchoro ni raha mbili tofauti, na hakuna iliyo ya daraja la chini. Anayefuata mchoro amejiondolea mzigo wa kuamua na kubakiza mzigo wa kutekeleza vizuri, jambo ambalo kwa mtu aliyeamua mambo kutwa nzima kazini ni nafuu kubwa. Anayetoa mchoro kichwani anafurahia mashaka ya kutojua kitambaa kitaishaje.

Mashine ilichukua nini

Mashine ya kushona haikuingia duniani kwa amani. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda ugunduzi, mwaka 1830, na karakana yake mjini Paris iliyoshona sare za jeshi ilivamiwa na washonaji wa mkono, ambao walivunja mashine kwa kuhofia riziki yao. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani, na kampuni yake ikaja kuwauzia watu wa kawaida kwa malipo ya kidogo kidogo, mbinu ambayo pengine ilieneza cherehani kuliko ubora wa chuma chake.

Inafaa kusemwa bila kuzunguka kwamba cherehani haikuwa adui. Kushona mishono mirefu iliyonyooka ya suruali, mapazia na magunia kwa mkono ni kazi ambayo watu wachache sana waliwahi kuifurahia, na iliwaharibu macho wengi. Mtu yeyote aliyewahi kupinda kanga mbili kwa mkono pande zote, akifika kwenye pindo la nne ameshaelewa kwa nini fundi mwenye cherehani nje ya duka la vitambaa hakosi wateja. Aidha cherehani ina raha yake, kwa kuwa miguu inayopiga kanyagio kwa mwendo mmoja huku mikono ikiongoza kitambaa hutoa mdundo ambao mafundi wengi wanaupenda, na wapo wanaoukataa umeme kwa sababu hiyo tu.

Mgawanyo wa kazi uliofuata unastahili kutazamwa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki cherehani za barabarani zilishikwa zaidi na wanaume, nazo zikawa ufundi wenye duka na wateja, ilhali sindano ya mkono ilibaki nyumbani na kuhesabiwa kuwa upitishaji wa muda. Hakuna kitu katika sindano kinachomchagua mwanamke. Hata kwenye vitambaa vya Kuba, kama ilivyoelezwa, kila upande una sehemu yake. Wavulana walionyimwa kulabu kwa sababu ya aibu za watu wazima wamepoteza kitu, na si kidogo.

Raha si ujira

Hapa panahitaji tahadhari, kwa kuwa maelezo yote yaliyotangulia yanaweza kutumiwa vibaya. Mnunuzi anayesikia kwamba mshonaji hufurahia kazi yake huwa mwepesi wa kuamua kwamba furaha ni sehemu ya malipo, na hivyo kofia ya miezi miwili hupatanwa kwa bei ambayo mnunuzi huyo asingethubutu kumtajia fundi bomba kwa kazi ya siku mbili. Kofia hupita kwa mchuuzi, na kwa mwenye duka, na wakati mwingine huvuka bahari, na kila inapopita bei hupanda, isipokuwa pale ilipoanzia.

Tena raha yenyewe huathiriwa na masharti ya malipo. Yale masharti ya kuzama, yaani lengo la mtu mwenyewe na ugumu anaoupima mwenyewe, hupungua pale ambapo mchoro umeletwa na mwingine, tarehe imepangwa na mwingine, na kila saa ya ziada inapunguza thamani ya iliyopita. Mshonaji aliyeagizwa kofia kabla ya Idi hushona kwa kasi, na kasi ndiyo inayouharibu mvuto wa uzi. Wanaoshona kwa ajili ya riziki na wakadumu kuipenda kazi, kwa kawaida hujiwekea kazi moja isiyo ya kuuzwa, ambayo haina mwenyewe wala tarehe, na hiyo ndiyo hulindwa kwa wivu.

Kuanza, na kuendelea umri ukisogea

Kwa msomaji anayetaka kuonja, mambo machache huokoa wiki nyingi za kukata tamaa:

- Aanze na kulabu, kwa sababu zilizotajwa za kufumua, na achague kulabu ya unene wa milimita 4 hivi pamoja na uzi mnene wa rangi nyepesi, kwa kuwa uzi mweusi huficha vitanzi hata kwa jicho zima.
- Anaposhona kwa sindano, akate uzi usiozidi urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko au zaidi kidogo. Uzi mrefu haupunguzi kazi, bali hujisokota na kufunga mafundo.
- Akae mwanga ukitoka upande wa pili wa mkono unaoshika sindano, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya mshono.
- Ahesabu vitanzi mwishoni mwa kila safu. Kitambaa cha kwanza cha karibu kila anayeanza hupungua upana kadiri kinavyopanda, na sababu huwa ni ileile, kwamba kitanzi cha mwisho cha safu kimerukwa.

Kwa aliyeshona miaka mingi tatizo huwa jingine. Baada ya umri wa miaka 40 lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake polepole, na kazi ya karibu, kama kutunga uzi kwenye tundu la sindano, huwa ya kwanza kulalamikiwa, kabla hata ya kusoma. Miwani ya kusomea husaidia, na husaidia pia kuinua macho kila baada ya muda na kutazama mbali, lakini viua vyeupe juu ya kitambaa cheupe ni mtihani ambao miwani haiumalizi wote. Wengi hufanya mabadiliko bila kuyatangaza: kofia hupewa binti au mjukuu, naye mshonaji huhamia kwenye uzi mnene na kulabu, ambako vidole vinaweza kuhesabu vitanzi kwa kuvigusa. Kazi inayobaki mikononi mwao kuhusu kofia huwa ni ya kuzitunza zilizopo, yaani kuzifua kwa mkono, kuzitia wanga, na kuzivika kwenye faroma, lile gogo la umbo la kichwa linalozuia kofia isinywee inapokauka, huku wakikipapasa kila kiua kuona kama kuna uzi ulioanza kulegea.